Masanduku ya Fundi Timazi

Jina lake la kuzaliwa wengi wetu tulishalisahau. Tulimwita Timazi, kwa kile kipande cha chuma chenye uzi ambacho waashi hukining'iniza kuona kama ukuta umesimama wima, na kwa sababu hakuweza kabisa kuvumilia kitu kilichopinda. Akiingia nyumbani kwa mtu kusalimia, macho yake yalipanda kwanza kwenye pembe za dari, ndipo yakashuka kwa mwenyeji. Watani wake walisema hata chafya yake hutoka wima. Mkewe, mpole lakini si bubu, alisema kulala naye ni kama kulala na pima maji, maana ukijigeuza kidogo tu unamsikia naye anajirekebisha.

Alijenga madarasa ya shule yetu, akajenga zahanati, na karibu nusu ya nyumba za pale kilimani zilipita mikononi mwake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache mengi yalihusu mchanga. Mchanga huu una udongo, utapasua lipu. Huu ni wa mtoni, umeoshwa, mzuri. Angeweza kuuchota kiganjani, akausugua kwa kidole gumba, akakwambia umetoka bonde gani.

Kilima chetu ukikitazama kutoka barabara kuu hakikuwa kitu cha kutisha. Wala watu wake hatukuwa wengi. Lugha yetu haifundishwi shuleni wala haisikiki redioni, na vijana wetu wakienda mjini huambiwa wanaongea kama wanaotafuna changarawe. Lakini tulikuwepo. Kwenye mgongo wa kilima, upande wa mawio, ndiko walikolala watu wetu. Makaburi ya karibuni yalikuwa yamejengewa kwa saruji, mengi kwa mkono wa Timazi mwenyewe. Ya zamani yalikuwa yamezama, limebaki jiwe la kichwani tu likichungulia kwenye majani. Dada yake mkubwa, aliyekuwa fundi cherehani pale sokoni, aliweza kuanzia kwa baba yao akarudi nyuma, jiwe kwa jiwe, vizazi tisa, bila kukosea hata jina moja.

Katika makaburi ya karibuni kulikuwa na moja fupi. Timazi na mkewe walipata mtoto mmoja tu maishani mwao, binti, wakamwita Chiriku kwa jinsi alivyopiga kelele tangu asubuhi. Homa ilimchukua akiwa na miaka miwili. Baba yake alimjengea mwenyewe, akalisawazisha kaburi lile kwa siku nne, mpaka dada yake akaja kumshika mkono na kumwambia basi, limenyooka.

Madini yalipogunduliwa chini ya kilima, wa kwanza kuja alikuwa Bwana Ardhi wa wilaya. Alikuwa na adabu yule bwana, hilo siwezi kumnyima. Aliuliza hati ya ardhi hii iko wapi. Dada mkubwa akampeleka makaburini, akamwonyesha vizazi tisa. Bwana Ardhi alivua kofia, akatembea kati ya mawe kwa uangalifu asikanyage mtu, akaandika kwenye faili lake. Miezi mingi baadaye wakili wetu alipopata nakala ya kile alichokiandika siku ile, yalikuwa maneno mawili tu. Hakuna hati.

Leseni ilitolewa na serikali huko mbali, na kampuni ikaja na mashine zake zikisindikizwa na gari la polisi. Sisi tukaenda mahakamani. Wakili wetu alikuwa binti mdogo kiasi kwamba dada mkubwa alimwita mwanangu, lakini kichwa chake kilikuwa kimetulia. Alisema kama hatuna karatasi, basi makaburi yale ndiyo karatasi zetu. Hakuna mvamizi anayezika vizazi tisa mahali alipovamia. Jaji akakubali kuja kuona kwa macho yake, mvua zikiisha.

Mvua zilikuwa hazijaisha ilipotoka amri ya serikali, kwamba makaburi yahamishwe. Ni kwa ajili ya usalama, walisema, na kwa heshima zote, maana baruti za mgodi zingeyabomoa. Wafu wetu wangeshushwa kwenye uwanda chini ya kilima, kila mmoja na kaburi lake jipya la saruji. Vijana wetu walipolala njiani kuzuia magari, kumi na wanne walikamatwa.

Bwana Ardhi alimfuata Timazi akiwa juu ya jukwaa, anapiga lipu darasa la tano. Hakumtisha. Alimwambia tu kwamba watahamishwa, iwe kwa kupenda au kwa kutopenda, na kwamba kampuni imeshapata fundi wa kutoka mjini. Kisha akamwonyesha picha ya kazi ya huyo fundi. Timazi aliitazama ile picha, akaona ukuta uliokwenda upande kama mlevi, akamfikiria babu yake chini ya ukuta ule. Akamfikiria na Chiriku. Akasema atajenga yeye.

Dada yake aliposikia, alimwita sokoni. Alikuwa anapindua suruali ya mtu, na hakuinua macho.

"Ukiwajengea huko chini," alisema, "umekubali kwamba wametoka huku juu."

"Dada, nisipowajengea mimi, watajengewa na nani?"

Dada yake alikanyaga cherehani, na kwa muda wa miezi miwili hakumsemesha tena ndugu yake. Chakula alimpelekea wifi yake kama kawaida, na bakuli likirudi alilipokea kwa mikono miwili, lakini neno la ndugu yake hakuliuliza wala hakulitaja.

Uhamisho ulifanyika nyuma ya uzio wa mabati. Kila familia iliruhusiwa shahidi mmoja, naye alisimama nje ya uzio, akasikia mashine, akasubiri. Kila baada ya muda sanduku lilitolewa likiwa limeshapigiliwa misumari, namba imeandikwa juu yake kwa rangi nyeusi. Shahidi aliweka dole gumba kwenye fomu, sanduku likashuka na gari hadi uwandani kwa Timazi. Masanduku yote yalikuwa ya kipimo kimoja. Mifupa ya zamani haihitaji nafasi kubwa, tuliambiwa, na nani kati yetu angebisha? Hakuna aliyewahi kuipima.

Timazi alifanya kazi kama mtu aliyepagawa. Alivuta uzi, akapanga mistari, akaagiza mchanga wa mtoni uletwe kutoka mbali, ule wa kijivu wenye chembe zinazometa. Jambo moja lilimkera. Rundo la mchanga lilikuwa linapungua haraka kuliko kazi. Alidhani wasaidizi wake wanauuza, akawagombeza, nao wakaapa kwamba hawajagusa.

Sanduku la babu yake lilikuja Jumatatu. Alilibeba mwenyewe kutoka garini, akaliweka, akalifunika kwa zege, akakaa pembeni kidogo. Kesho yake likaja la Chiriku. Akalibeba pia. Hatua ya tatu au ya nne akasimama.

Alisimama pale na sanduku mikononi mpaka dereva akamwuliza kama mgongo umeshika. Akasema hapana. Babu yake alikuwa jitu la mtu, milango ilikuwa inamwinamisha. Chiriku alikuwa na miaka miwili. Na mikono ya fundi, ambayo kwa miaka thelathini imenyanyua tofali na karai na mifuko ya saruji, ilikuwa inamwambia kwamba uzito ni ule ule.

Aliwapa wasaidizi ruhusa wakapumzike. Akachukua tindo, akang'oa misumari miwili, akainua ubao kiasi cha kupitisha mkono. Udongo wa kilima chetu ni mweusi, unanata, ukikauka unashika kama gundi. Alichokishika hakikunata. Alikitoa kwenye mwanga, akakisugua kwa kidole gumba. Ulikuwa wa kijivu. Ulikuwa unameta. Ulikuwa mchanga wake mwenyewe, umechotwa kwenye rundo lake mwenyewe, mita ishirini kutoka pale aliposimama.

Sasa hapa ndipo panapokuwa pagumu kumsimulia Timazi, na yeye mwenyewe hataki mtu amrahisishie. Alirudisha ubao. Akapigilia misumari. Akamzika binti yake ambaye hakuwemo, akasawazisha juu, na kesho yake akaenda kazini.

Aliendelea siku kumi na moja. Aliniambia baadaye kwamba kila asubuhi alitoka nyumbani akiwa amepiga moyo konde kwamba leo atasema, na kila akifika uwandani aliona polisi wawili waliolinda kazi kwenye kivuli cha gari, akaona mistari yake iliyonyooka, akashika mwiko. Lakini polisi hawakuwa sababu kubwa. Alijua akimwambia mtu yeyote, neno litamfikia mkewe. Na mkewe kila alasiri alikuwa anachukua ufagio, anateremka uwandani kufagia kaburi jipya la mtoto, na kumsimulia habari za nyumbani. Kuku ametotoa. Shangazi ameshona pazia.

Mikono yake nayo ikaanza mambo. Jirani alipompa kichanga amshike kidogo, alimpokea, akabadilika rangi, akamrudisha haraka kana kwamba ameungua. Akinyanyua mtungi, mkate, hata kiti, alikuwa anapima. Tulimkuta mara nyingi amesimama mlangoni pake, mikono imeinuka kidogo mbele ya tumbo, viganja juu, kama mtu aliyebeba kitu. Ukimsalimu aliishusha, akaitikia.

Siku ya kumi na moja mkewe alirudi na ufagio akamkuta ameketi kizingitini.

"Usiende tena kule chini," Timazi alimwambia.

"Kwa nini?"

"Hayupo."

Mkewe alidhani anasema kama watu wasemavyo kwenye misiba. "Najua hayupo. Naenda tu."

"Mama Chiriku, nisikilize. Ndani ya sanduku hayumo. Mna mchanga. Mchanga wangu wa lipu."

Yule mama aliuegemeza ufagio ukutani, taratibu, akahakikisha umesimama. Swali lake la kwanza halikuwa lile alilolitegemea mumewe.

"Umejua lini?"

"Jumanne ya wiki iliyopita."

"Nimeenda kila siku tangu siku hiyo," alisema. "Na wewe ulikuwa unaniaga hapa hapa mlangoni."

Mkewe aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amejifunga kitambaa kichwani na amevaa viatu, na ndipo akauliza lile lingine, kwa sauti ya chini, kama anauliza kitu kilipowekwa nyumbani.

"Sasa yuko wapi?"

Walikwenda sokoni wote wawili. Dada mkubwa alikuwa na wateja, na Timazi akasubiri zamu yake nyuma ya mwanamke mwenye sare ya shule ya mtoto. Zamu ilipofika alisimulia yote, akiwa amesimama pale pale, mbele ya meza yenye chaki na mkasi. Dada yake alisikiliza mguu ukiwa juu ya cherehani bila kuikanyaga. Akamtazama wifi yake. Kisha akasema ndiyo maana mabati yalikuwa marefu vile.

"Utayasema haya mbele ya jaji?"

"Nitayasema."

"Na hizo siku kumi na moja?"

"Na hizo."

"Nilikuwa nimekukasirikia," dada yake alisema. "Sasa hata nafasi ya hasira sina." Akafunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo sokoni hawajawahi kumwona akilifanya, wakaenda kwa wakili.

Mahakama ilikuwa chumba kirefu chenye feni za dari zisizozunguka, na ukuta wa nyuma umevimba kwa unyevu. Timazi aliutazama ule ukuta mara mbili tatu wakati anaapishwa. Alieleza kila kitu bila kutia chumvi, uzito, misumari, mchanga, rundo lililokuwa linapungua. Wakili wa kampuni alipoinuka hakupaza sauti. Aliuliza kama, baada ya kugundua hayo anayodai kugundua, shahidi aliacha kazi.

"Sikuacha."

Aliendelea siku ngapi?

"Kumi na moja."

Akafunga makaburi mangapi?

"Sitini na matatu."

Na mshahara wa siku hizo alipokea? Alipokea. Wakili wa kampuni akamgeukia jaji, akatabasamu kidogo, akauliza mahakama imwamini kwa nini mtu wa namna hii.

"Msiniamini," Timazi alisema. "Fungueni."

Jaji alikuwa mzee mwenye leso, mchovu wa macho. Alichagua makaburi matano yeye mwenyewe kutoka kwenye orodha, akaamuru yafunguliwe asubuhi ya siku ya pili mbele ya pande zote. Tuliteremka uwandani watu wote wa kilima. Karani wa mahakama alikuja na vibarua wawili, wakapiga nyundo, wakapiga, jasho likawatoka, zege halikutoa hata ufa. Kazi ilikuwa nzuri mno. Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akanyamaza. Mwishowe Timazi aliomba nyundo, akatafuta mahali anapopajua yeye, akayavunja yote matano kwa mikono yake.

La kwanza, mchanga wa kijivu. La pili vile vile. La tatu, la nne. Katika la tano, juu ya mchanga, palikuwa na karatasi ya mfuko wa saruji iliyokunjwa vizuri pembe nne, ili mchanga usivuje kwenye mianya ya mbao. Sijui kwa nini ile karatasi ndiyo iliyotuumiza kuliko vyote. Labda kwa sababu mtu aliikunja akiwa ametulia.

Jaji alipangusa uso. Aliuliza, na hakuwa anamwuliza mtu fulani, "Hawa watu wako wapi?"

Bwana Ardhi alikuwa pale. Alikuwa ameshika faili lake kwa mikono miwili na analitazama.

Tukapanda kilimani ili jaji aone mahali pa zamani. Uzio wa mabati ulikuwa bado umesimama, mlango wake umefungwa kwa kufuli. Ulipofunguliwa, askari aliyetangulia alirudi nyuma hatua mbili. Hapakuwa na kitu. Mgongo wa kilima wa upande ule ulikuwa umekatwa, na pale walipokuwa babu zetu palikuwa na hewa, na chini sana, mashine za njano ndogo kama vijiko. Hakuna aliyelia. Dada mkubwa alinyoosha kidole kwenye ile hewa, akaanza kwa baba yao, akarudi nyuma. Pale alikuwa fulani. Hapa fulani. Jaji alimsikiliza mpaka akamaliza vizazi tisa, na karani akaandika.

Hukumu ilitoka baada ya miezi saba. Leseni ilifutwa kwa sehemu ya kilima iliyobaki, nusu na ushei, na tukapewa hati yake yenye muhuri. Waliokamatwa waliachiwa. Tulikusanyika shuleni kuisoma ile hati, ikapita mkono kwa mkono, na watoto wakaambiwa wasiishike na vidole vya mafuta. Tulikuwa tumeshinda. Nakumbuka tulikaa sana, tukawa tunangoja mtu aanzishe wimbo, na hakuna aliyeanzisha. Kampuni ikakata rufaa. Bwana Ardhi alihamishiwa wilaya nyingine, na wapo wanaosema alipandishwa cheo. Shimo likajaa maji ya kijani.

Timazi alirudi kwenye lipu na tofali. Kazi ya makaburi hakuigusa tena. Uwanda ule na mistari yake upo mpaka leo, hakuna anayekwenda, mbuzi hulala juu ya zege kwa sababu lina joto.

Mwaka mmoja baada ya hukumu, saa ya chakula cha mchana, mwanamume mmoja wa makamo alifika akiulizia nyumba ya fundi. Hakutaka kuketi. Alisema alikuwa dereva wa lori kwenye mgodi, ameacha kazi, na kuna jambo ambalo hawezi kuendelea kukaa nalo. Siku zile za mabati, udongo uliotoka mgongoni mwa kilima aliubeba yeye na mwenzake. Waliambiwa wakaumwage kwenye kifusi cha upande wa kaskazini. Anapajua.

Walimfuata watatu, Timazi, mkewe na dada mkubwa. Kifusi kile ni kirefu kuliko kilima kilichobaki, kimeanza kuota nyasi. Dereva alipanda mbele, akatafuta, akasimama mahali ambapo udongo ni mweusi katikati ya ule wa rangi ya kutu.

"Kuanzia hapa mpaka kwenye lile bomba," alisema. "Siwezi kusema zaidi ya hapo."

Mke wa Timazi alimwuliza kama siku zile aliona kitu chochote.

"Niliona, mama," dereva alisema. "Nikafunga kioo, nikaendesha."

Yule mama aliitikia kwa kichwa. Alimshukuru. Hata sasa sielewi alimshukuru vipi, lakini nilimsikia dada mkubwa akilisimulia hilo, naye si mtu wa kuongeza.

Wakili wetu aliiomba mahakama izuie kifusi kisisogezwe mpaka rufaa iishe, na ikakubali. Mlinzi wa pale amezoea kutuona. Jumapili watu hupanda, wengine na maua, wengine mikono mitupu, wanasimama popote, maana hakuna ajuaye wa kwake ni yupi. Mke wa Timazi hupanda nao. Mumewe humsindikiza mpaka chini, penye barabara, na hapo husimama. Alijaribu mara moja kupanda. Alinyanyua mguu akatafuta pa kuukanyagia asikanyage mtu, akatazama udongo mweusi wote ule, kushoto na kulia, akaurudisha mguu alipoutoa. Tangu hapo husubiri barabarani, kofia mkononi, mpaka mkewe ashuke, kisha wakarudi nyumbani pamoja wakitembea polepole, yeye akiwa upande wa nje, penye magari.